Mwaka Baba Alipozunguka Majumbani Mwetu

Wiki ile ile aliyostaafu, baba alifunga begi dogo, akamuaga mama pale nyumbani Kinyinya, Kigali, akapanda pikipiki kwenda kukaa kwa mdogo wangu wa mwisho. Hakusema anakaa siku ngapi. Mdogo wangu alinipigia simu akinong'ona, nadhani alikuwa amejificha jikoni.

"Dada, baba amekuja na mswaki na ndala. Kuna nini? Wamegombana na mama?"

Nikampigia mama. Alikuwa anawapa kuku chakula, nawasikia.

"Hatujagombana," akasema. "Mwacheni aone."

"Aone nini, mama?"

"Aone mnavyoishi."

Sisi ni watatu: kaka yetu mkubwa, mimi, na huyo mdogo wa kike. Tulizaliwa Karagwe, tukaja Kigali na wazazi tukiwa bado wadogo, na mpaka leo mambo mazito ya nyumbani tunayaongea kwa Kiswahili. Baba alikuwa mhasibu wa ofisi ya serikali. Nyumba ya Kinyinya aliijenga kidogo kidogo wakati mlima ule ulikuwa vichaka na shamba la mihogo. Sasa kila upande ni mchanga, matofali na kelele za mafundi, na madalali hugonga geti kuuliza kama mzee anauza. Sote tulijua lazima ataifanyia kitu nyumba ile. Hakuna aliyemuuliza.

Mdogo wangu anauza mboga kwa jumla Nyabugogo, na wakati ule alikuwa na mtoto mchanga na chumba kimoja na sebule. Baba alilala sebuleni. Asubuhi alimbeba mtoto, mama yake akiwahi magari ya viazi yanayotoka kaskazini. Mdogo wangu aliniambia kwamba baba hakumshauri lolote. Alimuuliza tu, siku moja wakila, kama mtaji wa biashara na hela ya maziwa ya mtoto vinakaa mfuko mmoja.

"Nikamwambia ndiyo," mdogo wangu alisema. "Akaitikia 'sawa', akaendelea kula. Dada, sikulala vizuri siku hiyo."

Kisha akaja kwangu Kicukiro.

Mimi na mume wangu tuna watoto wawili wa shule. Yeye alikulia Uganda, ni fundi mkuu kwenye majengo, na Kiswahili chake amekiokota kazini. Anampenda sana baba na anamwogopa kidogo. Siku za kwanza alikuwa anarudi mapema kuliko kawaida yake, anavaa shati safi, anakaa sebuleni kama mgeni kwake mwenyewe.

Nilikuwa na hamu ya kujua baba anatafuta nini, nikaanza kumwangalia anavyotuangalia. Alikuwa na utaratibu. Aliwasindikiza watoto hadi kwenye gari la shule. Aliangalia tunanunua wapi mkaa na gesi. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, alitoka na mume wangu kufyeka mtaro, wakarudi wakicheka, nikadhani mambo yamekwisha. Jioni hiyo, tukiwa tunakula isombe, yaani kisamvu, akaweka kijiko chini.

"Mkwe wangu," akasema, "mke wako akifa leo, unajua simu yake inafunguliwa vipi?"

Mume wangu aliacha kutafuna. "Mzee, kwa nini iko unasema kufa?"

"Kwa sababu mtu anakufa. Na wewe binti yangu, yeye akianguka kutoka kwenye jengo kesho, unajua akiba yake iko wapi?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo, nikaona sijui. Nilijua anaweka mahali fulani. Nilijua kila mwezi kuna kiasi kinaondoka kabla hakijafika mezani. Miaka kumi na kitu ya ndoa, na kitu hicho hatukuwahi kukitaja kwa sauti.

Baba alinyanyuka, akasema anakwenda kupunga upepo, akatuacha na sahani.

Mume wangu akasema kwamba yeye anaweka kwenye chama cha ushirika cha mafundi, kwa ajili ya sekondari ya binti yetu mkubwa, tusije tukahangaika muda ukifika. Nikaanza kucheka. Mimi pia nilikuwa nimejiunga na ikimina, kile kikundi cha akiba cha akina mama wa mtaani, kwa ajili ya sekondari ya mtoto huyo huyo. Kila mmoja wetu aliogopa kwamba mwenzake hajawaza.

"Sasa huyu mtoto atasoma shule mbili?" mume wangu akauliza.

Tulicheka mpaka watoto wakatoka chumbani kuuliza kuna nini. Baadaye tukaanza kuulizana yale mengine: bima, kiwanja, mama yake kule Uganda, sisi wenyewe tukizeeka. Hilo la uzee tulikuta hatujaliwekea hata senti. Tulikuwa tumempangia kila mtu, sisi tukijisahau. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kuongea mara baada ya mtu mmoja kuuliza swali baya.

Kutoka kwangu baba alikwenda kwa kaka. Kaka alikuwa na kijana anayekaribia chuo kikuu na nyumba iliyosimama kuta bila paa, si mbali na kwa wazazi. Huko hakukaa sana. Alirudi Kinyinya, na Jumapili iliyofuata tukaitwa wote baada ya kanisa.

Mama alikuwa amepika ndizi na nyama. Tulikula kwanza. Kaka alikuwa na furaha, anagawa soda, anamtania mume wangu. Alishaniambia mara kadhaa kwamba mzee akiuza, fungu lake litaezeka.

Baba hakuzunguka. Alisema nyumba haitauzwa. Itapangishwa. Kodi yake, pamoja na pensheni, ndiyo itakayowatunza yeye na mama, dawa zao, bima yao, na watu wa kuwasaidia nguvu zikiisha. Wao wawili wanahamia Masaka, ile ya pembeni mwa Kigali, kwenye kishamba walichonunua zamani, nyumba ya vyumba viwili.

"Na sisi?" kaka akauliza.

"Ninyi mna kazi. Nimekwenda nimeona. Sikukuta mwenye njaa. Nimekuta wenye haraka."

"Baba, mwanao ana kuta zinanyeshewa mvua."

"Nimeziona. Jenga nusu, uhamie, mwache kijana asome. Nusu nyingine itakuja."

Kaka aliweka chupa yake mezani polepole, akamwita mke wake, wakaondoka. Mama alitaka kumfuata, baba akamshika mkono.

Wazazi walihama. Kaka hakwenda Masaka. Kwenye kundi letu la simu alikuwa anatuma salamu za sikukuu tu, na baba alikuwa anajibu kwa neno moja. Mimi nilikuwa sijui nisimame wapi. Nilimwelewa kaka: alikuwa mtoto wa kwanza, ndiye aliyebeba zege la nyumba ile akiwa bado shuleni. Na nilimwelewa baba.

Mvua za masika zilipoanza, baba akaanguka shambani. Jirani alimpakia kwenye gari hadi hospitali, na mama akatupigia simu wakiwa wameshafika. Nilipoingia wodini kaka alikuwa ameshatangulia, amesimama mbele ya mama na vumbi la saruji kwenye viatu.

"Wanataka kiasi gani? Nimekuja nazo," akasema. Baadaye nilijua alikuwa ameuza mabati aliyokwisha kununua.

"Imeshalipwa," mama akasema.

"Na nani?"

"Na sisi. Bima imetoa yake, yaliyobaki yametoka kwenye kodi."

Kaka alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Tangu tukue, ugonjwa wa mtu mzima katika ukoo wetu ulikuwa na utaratibu mmoja: simu zinapigwa, kila mtu anatoa, mwingine anakopa, na mkubwa ndiye anayelaumiwa hela zikipungua. Alikuwa amejiandaa kwa hilo.

"Basi mimi nifanye nini?" akauliza.

Mama akasogea kwenye benchi. "Kaa hapo. Mwongeleshe. Ameamka."

Akakaa. Nikamsikia anamweleza baba habari za fundi mmoja aliyepima dirisha vibaya, na baba, mdomo ukiwa umepinda upande, akitaka kujua ni dirisha la upande gani.

Baba alipona kiharusi kile, ingawa anaburuta mguu mmoja. Kaka alinunua mabati mengine baadaye, akaezeka nusu, akahamia. Mkutano ule wa Jumapili hawajauzungumzia mpaka leo, lakini kaka ndiye anayempeleka baba kliniki, na huwa wanachelewa kurudi.

Swali moja lilinikaa muda mrefu. Siku moja Masaka, mama akichuma maparachichi na baba akiwa amekaa barazani ananyoosha mguu, nikamuuliza: kama angemkuta mmoja wetu ana njaa kweli, angefanya nini?

"Ningeuza," akasema, bila kufikiri.

"Mngekaa wapi? Mngetibiwa na nini?"

Aliangalia kule aliko mama. "Hilo hatukulijibu. Mama yako alikuwa anasali nisikute mwenye njaa."