Siku Niliyojibu Maswali ya Wajawazito

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanawake wa Garsen, maana wao wakianza wanaongeza chumvi, na aibu hii imetosha ilivyo.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini duka la simiti na mabati pale karibu na stendi ni langu (ulizeni mtu yeyote), kwa hiyo sijazoea kunyamaza mtu akiuliza kitu. Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, akaniomba nimsindikize kliniki kwa sababu pale mama akija na mumewe anapita mbele ya foleni. Nikavaa shati jeupe, tukapita, wanawake wakatuangalia kwa jicho baya.

Kumbe kuna dada amekuja na fomu, anauliza akina mama kama wanaridhika na huduma. Akamgeukia mke wangu. Nikamwambia, "Niulize mimi, mimi na yeye ni kitu kimoja."

"Ulipimwa presha?"

"Nilipimwa."

"Mtoto anacheza?"

"Sana, jana kanipiga teke" (nilikuwa nimenogewa).

"Ulipopimwa tumbo uliwekewa pazia?"

"Mimi si mtu wa kuona haya, dada."

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja akasema, "Mpisheni akae, mimba yake changa." Mwingine akadakia, "Baba Zawadi, utajifungulia wapi, dukani?"

Badala ya kunyamaza nikapandisha sauti: "Andika tumeridhika kabisa."

Hapo mke wangu akasema polepole, "Futa hiyo. Nimekuja mara tatu sijapimwa presha, mashine haina betri. Na kichwa kinaniuma tangu juzi. Huyu hajui, hajaniuliza."

Kicheko kikakatika. Nilitoka mbio kununua betri (kwa mshindani wangu, kwangu hazipo), nesi akampima, akakuta presha imepanda sana, na saa hiyo hiyo tukawa kwenye lori langu kwenda hospitali, yeye na nesi mbele, mimi nyuma juu ya mifuko ya simiti na shati langu jeupe.

Daktari akaniuliza mimi kichwa kimeanza lini. Nikamwonyesha mke wangu, "Muulize yeye."

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Nesi alipokuja kuuliza jina, nami jina ninalo tangu zamani, nikamwambia asubiri mama mwenyewe aamke, amuulize yeye.