Murhula, Protokoli wa Mawaziri

Mume wangu Murhula ana kipaji kimoja ambacho hata adui zake wanakikubali: anajua kuwaketisha watu. Mpe ukumbi wa harusi wenye viti mia mbili na wageni mia tatu, na kila mgeni ataondoka akiamini kwamba yeye ndiye aliyepewa kiti cha heshima. Kwetu Walungu, mashariki ya Kongo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini kila alipokuja mkubwa, awe askofu au gavana, Murhula ndiye aliyeitwa avae koti na kusimama mlangoni. Kazi hiyo sisi Wakongomani tunaiita protokoli. Si kazi ndogo. Kanisani mtu wa protokoli huvaa suti hata kama nyumbani hana godoro, na yeye peke yake ndiye anayeweza kumsogelea mchungaji katikati ya mahubiri na kumnong'oneza jambo sikioni.

Nayasema haya mapema nisije nikaonekana namwonea. Mimi ni mkewe, Nabintu, mama yake Jolie, na hapa Columbus watu wananijua kwa mdomo wangu. Aibu ninayoisimulia ni ya Murhula, lakini yangu imo pia, na sijui bado nani kati yetu amebeba fungu kubwa.

Tulipofika Marekani alifanya kazi ya bohari miaka mitano, kupanga maboksi usiku na mchana, mpaka mgongo ukamgomea. Ndipo akapata kazi katika hoteli moja upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege. Anapanga meza na viti kwenye kumbi za mikutano, anaweka maji na kalamu, anapitisha kahawa. Ni kazi ya heshima na anaifanya vizuri. Ana kijiti alichokipima mwenyewe, anakiweka kati ya kiti na kiti ili mstari usipinde hata kidole kimoja.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, mkubwa wake aliwaita wafanyakazi na kuwaambia kwamba mawaziri wa fedha wa nchi tajiri duniani watakutana hotelini hapo siku mbili, kutayarisha mkutano wa marais wao. Wafanyakazi walichunguzwa majina, wakapigwa picha, wakapewa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Murhula alikuja na chake nyumbani akakivua kwa mikono miwili, utadhani kina roho ndani yake.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa matangazo. "Bandugu, muniombee," akasema. "Mi nitakuwa protocole ya mkutano ya baministre."

Katika akili yake hakudanganya. Nani anayepanga viti? Nani anayeweka vibao vya majina na kumwonyesha mgeni mlango? Kwetu huyo ni protokoli, na hana jina jingine. Ila masikio yetu nayo yametoka Kongo. Kwetu, mtu akitaka kumfikia waziri hamtafuti waziri, anamtafuta protokoli wake. Yeye ndiye anayepokea bahasha, ndiye anayejua bosi ameamka vipi, ndiye anayesema ngoja au pita. Kanisa zima liligeuka kumtazama mume wangu kwa macho mapya, na kichwa kikamvimba nikikiona.

Ningeweza kurekebisha neno lile pale pale. Badala yake nilinyoosha kilemba changu. Baada ya ibada nikawaambia wanakwaya, "Hata baministre ya Ulaya banangojaka Papa Jolie abaonyeshe kiti." Walicheka kwa kuniheshimu. Jolie, binti yetu, ana miaka kumi na mitano na macho makali; alikuwa amekwisha kukisoma kile kitambulisho. Tulipofika nyumbani akasema, "Papa, it says banquet." Yaani ni mtu wa meza. Nikamwambia aoshe vyombo.

Habari ilifika kwa Wakongomani wenzetu wa mji wa Louisville kabla ya Jumatatu kwisha. Huko yuko Mchungaji Liberati, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akiandika barua juu ya hali ya milima ya Kivu Kusini, mahali vita vilipofunga njia na watu walikuwa wakikosa dawa na chumvi. Barua zake zote zilijibiwa na mashine. Sasa Mungu alikuwa amefungua mlango. Aliandika barua mpya, ukurasa mmoja na nusu, akiomba wakubwa hao waseme neno ili raia wafunguliwe njia. Watu wakatia sahihi Louisville, wakatia sahihi hapa Columbus, kisha karatasi ikaenda Buffalo. Kule, mtaa wa East Side, Mama Bamurange, ambaye hakusoma, aliweka kidole gumba chake.

Mama Bamurange ni mtu wa milimani, mimi ni Mshi, kabila jingine, na Kongo ya leo, kwa ajili ya vita, watu kama sisi wawili wangeweza kupishana bila salamu. Lakini katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale mahema yetu yalitazamana. Nilipomzaa Jolie na homa ikanikamata, yeye ndiye aliyenipikia uji siku arobaini. Binti yake, Isaro, alibaki milimani na watoto wake wawili. Kila tulipoongea kwa simu, mazungumzo yalianzia kwa Isaro na kuishia kwa Isaro.

"Unaona, Mama Jolie," aliniambia siku aliyoweka kidole chake. "Mungu alikupeleka mbele juu ya siku hii."

Barua ilikuwa na sahihi mia moja na kumi na mbili. Murhula aliikunja mara tatu, akaitia kwenye kimfuko cha plastiki, akaitia mfuko wa ndani wa kizibao chake cheusi cha kazi. Hapo nilimwona akiupapasa mfuko ule mara mbili. Alikwisha kuambiwa kwamba mfanyakazi atakayesema na mjumbe bila kusemeshwa atatolewa nje, na atakayempa karatasi atakabidhiwa polisi. Mimi hakuniambia. Angeniambiaje, naye ni protokoli?

Yaliyotokea nimeyapata kwake kipande kipande. Siku ya kwanza mawaziri walikaa kwa herufi za nchi zao, na nyuma ya kila mmoja wasaidizi wawili. Siku ya pili walibishana asubuhi nzima juu ya tangazo lao la mwisho: waseme wana wasiwasi, au wana wasiwasi mkubwa? Murhula alibadilisha birika za kahawa mara nne na neno lilikuwa bado halijapatikana. Mara mbili alisikia jina la Kongo. Mara zote mbili lilitajwa pamoja na madini.

Walipopumzika, waziri mmoja mwanamke, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alibaki kitini akisugua macho. Murhula alimkaribia na birika. Mama yule akainua uso, akasoma jina kwenye kitambulisho, akatabasamu. Akamuuliza kwa Kifaransa, polepole, kwa upole kabisa, ametoka wapi.

Kumjibu kusingevunja sheria yoyote. Ni yeye aliyesemeshwa. Tena kwa Kifaransa, lugha ambayo mume wangu aliifundisha miaka kumi na moja na ambayo hapa hana wa kuongea naye. Barua ilikuwa kifuani pake. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Msimamizi wake alikuwa mlangoni, akitazama.

"Columbus, Madame," akasema Murhula.

Yule mama akacheka kidogo. Na kabla ya hapo?

"Columbus."

Akamimina kahawa, akafuta tone lililodondoka kwenye sahani, akaondoka. Mara mbili aliulizwa nchi yake na mara mbili aliikana, mbele ya mtu asiyekuwa hata na fimbo.

Jumapili watu walijaa kanisani kuliko Krismasi. Waliweka skrini ukutani; Louisville wakaonekana upande mmoja, Buffalo upande mwingine, Mama Bamurange mbele kabisa, amevaa shuka lake jeupe la sherehe. Mchungaji Liberati akauliza, "Papa Jolie, ile barua?"

Murhula alisimama. Nilimwona akitazama zile sura zote. "Ilifika," akasema.

Ilifika, ndiyo. Ilifika hotelini. Ilikaa kifuani pake siku mbili na ikarudi nyumbani kwa gari. Lakini nani angefikiria hivyo? Watu walipiga makofi mpaka sauti ya Louisville ikakatika. Vigelegele vya kwanza vilikuwa vyangu. Mama Bamurange alisimama, akacheza taratibu, mikono juu kwa mtindo wa kwao, halafu akasema neno ambalo nililisikia wazi kabisa. Nalikariri hapa ili mtu asije akanitetea.

"Isaro alikuwa anataka kutoka na bale banashuka mpaka ku muji ya Uvira. Nitamwambia abakie. Njia itafunguliwa."

Jumanne nilitaka kufua kile kizibao. Barua ilikuwa ndani, mikunjo yake mitatu kama ilivyokuwa, na kile kidole gumba cha rangi ya bluu chini ya ukurasa wa mwisho. Nilikaa juu ya nguo chafu. Murhula aliporudi nilimwekea barua mezani, naye hakujitetea. Alilia. Sijawahi kumpenda kidogo kama saa ile, na ninaona haya kuandika hivyo.

"Tumwite Mama Bamurange kwa simu sasa hivi," akasema.

Nani aliyemkataza? Mimi. Nilimwambia jambo kama hili halisemwi kwa simu, mtu hufunga safari, akakaa na mwenzake na kumwambia uso kwa uso, ndiyo heshima. Nilimwambia angoje Jumamosi, siku yake ya mapumziko, twende Buffalo. Yote hayo ni desturi yetu kweli, hakuna atakayenibishia. Lakini najua nilichokuwa nakifikiria. Niliwafikiria wanakwaya. Nilitaka siku nne zaidi za kuwa mke wa protokoli, au labda nilitumaini tu kwamba njia ingefunguka yenyewe, kwa sababu nyingine, na tusihitaji kusema chochote. Siku nne nilipika, nilikwenda kazini kuogesha wazee wa watu, nilijibu salamu.

Jumamosi tuliendesha gari kwa saa tano mpaka Buffalo bila redio. Mama Bamurange alitupokea na maziwa na chapati. Alikuwa amewaambia majirani kwamba protokoli anakuja. Murhula hakugusa kikombe. Aliketi mbele yake na kusema yote kwa ufupi: kazi yake ni kupanga viti na kupitisha kahawa, aliulizwa ametoka wapi akakana, barua hii hapa. Akaiweka juu ya meza. Mimi nilisema kwamba nilijua tangu Jumanne. Sauti yangu ilitoka ndogo, mimi ambaye watu hulazimika kuninyamazisha.

Mama Bamurange aliitazama barua. Akakitafuta kidole chake, akakiona. Hakutufukuza. Alichukua simu, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Mara ya saba ikaita. Alisema maneno machache kwa lugha yao, kisha akampa Murhula.

"Mwambie wewe," akasema.

Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tulisikia. Kule ilikuwa jioni na mtoto alikuwa akikohoa.

"Isaro, ni mi Papa Jolie wa Columbus," akasema mume wangu kwa Kiswahili, kwa kuwa hana lugha nyingine ya kuongea naye. "Ile barua haikufika. Mi sikuitoa. Usingoje tena."

"Haukuitoa juu ya nini?"

"Niliogopa."

Mtoto akakohoa tena.

"Bengine balienda siku ya ine," akasema Isaro. Yaani Alhamisi. Alhamisi mimi nilikuwa ninayo barua ndani ya droo siku ya tatu. "Balikuwa bengi, na bijana ba kubeba bazee. Sisi tulibakia, juu mama alisema bakubwa balisoma. Bon. Kesho tutaenda sisi batatu."

"Unisamehe," akasema Murhula.

Isaro akauliza jambo jingine, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Donc, bale baministre haukubaona?"

"Nilibaona."

"Balikuwa karibu?"

"Karibu."

"Karibu namna gani?"

Murhula aliinua macho. Mama Bamurange alikuwa amekaa mbele yake, na kochi lile ni dogo, magoti yao yalikuwa yakigusana.

"Kama mi na mama yako hapa," akasema.

Mama Bamurange aliisikia hiyo. Polepole akavuta miguu yake, akaikunja upande mwingine.