Sauti ya Baba Chini ya Mchezo wa Nyoka

Sisi tuliokulia Malindi miaka ya themanini tuliijua kompyuta kabla haijawa kitu cha mfukoni. Yetu ilikuwa ya Mjomba Shebe, fundi redio wa mtaani, aliyeachiwa na mgeni mmoja aliyefunga virago kurudi kwao. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama daftari, na vitufe vyake vya mpira laini kama kifutio. Huko ilikotoka walikuwa wamekwisha kuacha kuitengeneza. Sisi ndipo kwanza tukaanza kuipenda!

Michezo ya kununua hatukuwa nayo. Tulikuwa watoto watano, na kila Jumamosi tulishika zamu: mmoja asome herufi za mchezo uliochapwa katika gazeti kuukuu la yule mgeni, mwingine abonyeze, Mjomba akiungaunga waya na kunusa kama kuna kinachoungua. Nyumba ilinukia mahamri ya mkewe na moshi wa risasi ya kulehemu. Kazi ikiisha tuliihifadhi kwenye kaseti, zile zile za nyimbo. Ukiicheza kwenye redio ilitoa kelele za kukwaruza masikio. "Ndiyo lugha yake," alisema Kahindi, mwenzetu wa Magarini, "tuizoee tu."

Jumamosi moja tulikuwa tumemaliza mchezo wa nyoka tuliouandika tangu asubuhi, mara taa ikaanza kufifia. Stima ingekatika, kazi yote ingepotea, na kaseti tupu hatuna. Nikatoka mbio hadi nyumbani, nikachomoa kaseti moja kwenye mkebe wa mama nikidhani ni ya nyimbo za harusi. Mchezo ukaokoka. Tulishangilia kama tumefunga bao.

Baba alikuwa dereva Arabuni, na barua zake zilikuwa za sauti. Kaseti ikija, mama husikiliza, hurekodi majibu juu yake, kisha humpa msafiri airudishe. Moja tu alikataa kuirudisha, kwa kuwa ndani yake baba alimpa jina mdogo wangu aliyekuwa amezaliwa majuzi. Ndiyo niliyoichukua.

Jioni mama alimpakata mtoto, akabonyeza redio. Baba akaanza, "Asalaam aleikum, Mama Zuhura. Habari za..." Kisha zile kelele.

"Zuhura! Leo babako yuwasema lugha gani?"

Nilicheka, hadi nilipomwona uso. Aliirudisha nyuma mara tatu, akasikiliza mwanzo ule ule; barua ilikuwa fupi, na kelele zilikuwa zimeimeza yote iliyobaki. Laiti angenichapa. Hakunichapa, na hilo liliniuma kuliko fimbo yoyote.

Mjomba Shebe, rafiki wa baba, alikuja kuomba radhi. "Shemeji, kosa ni langu mimi mtu mzima."

"Waweza kumrudisha?"

"Siwezi, shemeji."

Mama akaifunga ile kaseti kwenye leso, asiitupe.

Baba alirejea mwenyewe baadaye, akaishi nasi miaka mingi, na hatukumrekodi tena. Nani angemrekodi mtu aliye sebuleni akidai chai? Alipofariki ndipo tukatafuta sauti yake kila mahali, tukakuta tumebaki na yale maneno machache tu.

Leo chama chetu cha wale watoto wa Jumamosi kingali hai. Tumezeeka na miwani na jongo, na wamejiunga wengine wa Kilifi na Mombasa wenye mashine kama ile. Kila mwaka tunakutana Takaungu kwa mdogo wangu, tunapeana mipira ya vitufe na waya adimu, tunagombana juu ya nani aliyepinda pini. Watoto wetu wanatucheka: simu zao zina michezo elfu. Hao ndio wanaotumiwa ujumbe wa sauti na wazazi wao, wakauongeza kasi ili mama amalize haraka, kisha wakaufuta. Siwalaumu sana. Sisi tulikuwa na sauti moja, tukaifuta kwa ajili ya nyoka.

Tukikutana, kabla sijachomeka waya kwenye mashine, naiacha ile kaseti ya mama iseme. Mdogo wangu, mvi zimeanza kumtokea, husogeza kiti. Hajawahi kumsikia baba akitamka jina lake kwa mara ya kwanza, wala hatamsikia. Mimi nimemwomba radhi, na yeye hunijibu kila mara, "Dada, bonyeza tu."

Nabonyeza. "Asalaam aleikum, Mama Zuhura."

Nasi sote, hata Kahindi mzee wa kanisa, tunaitikia, "Waaleikum salaam."