Makopo ya voisine, jirani yangu

Voisine yangu wa hapa Bungulu, mama wa nyumba ya pili, analinda nyumba yake na makopo matupu ya nyanya, aliyafunga kwa kamba kuzunguka parcelle yote, kiwanja chake chote, ili mwizi ao soda akigusa kamba, yalie. Kila jioni anapita na kidole, anagusa kopo moja moja, kichwa kimeinama, anasikiliza kama mwalimu wa kwaya. Mimi, tangu vita ianze, niliuza pikipiki nikaleta mulango wa chuma toka Butembo, na kufuli zake tatu. Lakini asubuhi yeye anatoka na sura ya mutu aliyelala, mimi macho mekundu. Hiyo inanikula roho.

Juzi mchana mbuzi alivuta kamba. Makopo yakalia, na avenue nzima, batu ba barabara yetu, ikatoka mbio, wanapiga vifuniko vya sufuria ili kufukuza mwizi. Yeye akacheka: "Aksanti, bandugu, ni mbuzi tu!" Wivu ukanikaba. Jana nikachukua jiwe, nikapiga mulango wangu muda murefu. Hakuna mutu alitoka, ila yeye, anakimbia, kifuniko mukononi.

"Papa, ni basoda, waasi wamefika?"

"Hapana. Najaribu tu mulango."

Akagusa chuma na kidole, akasikiliza.

"Inalia muzuri," akasema. "Mais, lakini hapa hakuna mutu anajua sauti yake. Makopo yangu, batu bote banayajua."