Unga Niliomwaga Chini ya Mkeka wa Mzazi

Mhariri, jina langu lifiche, tafadhali. Mimi kijana wa miaka kumi na tisa, nakaa mtaa wa Malindi kwa mama. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kwa akili nawashinda waliomaliza. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu mpaka juzi.

Dada yangu kaja kujifungulia nyumbani, na arubaini yake haijatimia. Kitanda chetu cha kamba kimejaa kunguni wanene, wamemuuma mtoto mapaja yote. Siku zote tunakitoa uani, tunakimwagia maji ya moto, tunakianika. Mara hii mama kakataa.

"Kitanda cha mzazi hakitoki nje mpaka arubaini iishe. Unataka kutuletea balaa?"

Nikamcheka. "Mama, kunguni hawahesabu arubaini. Niachie mimi, mwanamume wa nyumba hii."

Nna rafiki yangu anakaa Bububu, yumo katika wapuliza dawa ya mbu majumbani. Kanipa kopo la unga mweupe. "Huu huchanganywa na maji, hupigwa ukutani. Usiuweke wanapolala watu."

"Mwoga we!" nikamwambia.

Juzi asubuhi, dada akiwa msalani mkunga anamkanda, nikausugua ule unga kwenye kamba, uliobaki nikaumwaga chini ya mkeka wanaolalia. Wallahi, kunguni walikufa wote! Jioni nikatembea Forodhani kifua mbele.

Jana mtoto kaanza kutapika. Leo anatetemeka, ziwa halitaki. Mama kashikilia kuwa ni kijicho cha jirani yetu Bi Mize, aliyekuja kumsifu mtoto uzuri. Adhuhuri kamfukuza mlangoni: "Toka na jicho lako hilo!"

Bi kizee wa watu kasimama na bakuli la uji aliomletea mzazi, machozi yanamtoka. "Mwanangu, nimekosa nini?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Mimi, mwenye mdomo mtaa mzima, nikajibanza zaidi ukutani.

Nikisema, dada hatonisamehe, na mumewe ana mkono mwepesi wa kupiga. Nisiposema, wanamnywesha mtoto kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, kisha wanamlaza juu ya unga ule ule.

Nilikaa kuandika ili niwaulize niseme au ninyamaze. Lakini sasa hivi, alasiri hii, mtoto kaacha kulia, na mama anamwita kwa jina lake, anamwita tena. Siwezi kungoja gazeti. Nnakwenda kumtoa kitandani nimkimbize hospitali, na kopo nnalibeba daktari alione. Barua nitaitia posta njiani.

Nishaurini hili tu: Mungu akimwacha hai, nimwendee vipi Bi Mize? Na asipomwacha, nirudi nyumba ipi?