Mmarekani Aliyehukumu Mchezo Usiochezwa

Niliondoka Dar es Salaam kwa kiburi. Ukumbi mmoja wa sanaa Johannesburg uliniomba nikasimulie maisha ya mhakiki wa Kimarekani wa mwanzo wa karne iliyopita, mtu niliyemsoma miaka ishirini nikauiga ukali wake katika safu yangu ya uhakiki gazetini. Wao wenyewe hawakumsoma. Walitaka tu kuonekana wamemsoma.

Alhamisi mchana nilipokewa uwanja wa ndege na Papa Kabeya, fundi cherehani wa Lubumbashi anayechora picha kwenye vitambaa. Alikuwa amejitolea kunilaza kwake, mtaa wa Observatory. Kila robot, taa za barabarani za huko, ikituwakia nyekundu alirudia lilelile, akiniita yaya, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao: "Kabla urudie kwenu, yaya, uone picha zangu, uandike. Kule Dar hakuna ukumbi unanikubali tena."

Sikumuuliza kwa nini. Fundi suruali akijiita msanii, sababu huwa naijua.

Ijumaa alinipeleka msikiti wa mtaa wa Mayfair kuswali, yeye Mkristo akaningoja nje na mfuko wa sambusa. Niliziponda: mafuta tele, nyama ya kutafuta. Nikazila zote. Tulipokwisha kula bukari na sombe kwake, ugali na kisamvu cha kwao, alitaka kufungua bunda la picha. Nikamwambia kesho.

Jumamosi saa tano asubuhi, ukumbini. Watu walishika glasi wakiitikia kwa vichwa hata kabla sijafungua mdomo. Nikawasimulia: mtoto wa fundi viatu, akapanda treni hadi New York, akaandika juu ya tamthilia na michoro miaka thelathini, waigizaji wakamwogopa kuliko njaa. Kisha siku moja theluji ilimtia uvivu. Akakaa nyumbani, akaandika kwamba mwigizaji fulani alilia jukwaani kama bawaba kavu. Asubuhi gazeti likatoka. Kumbe mama wa watu aliugua, na mchezo haukuchezwa kabisa. Akafukuzwa kazi, akafia chumba cha kupanga.

"Mpumbavu," nikasema. Ukumbi mzima ukacheka.

Papa Kabeya hakucheka. Alisimama. "Na weye, yaya? Picha zangu za Dar uliziona?"

Akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichochakaa kwa kukunjwa. Jina langu lilikuwa juu. Nilikuwa nimeandika kwamba rangi zake zimepauka kama tambara la deki. Hapo nikaikumbuka mvua ya siku ile, na kadi ya mwaliko wa maonyesho yake yenye vijipicha, iliyonitosha kuandika bila kwenda.

"Zilizuiwa mpakani Tunduma," akasema taratibu. "Kuta zilikuwa tupu. Watu walikunywa soda, wakarudia kwao."

"Eish," mtu akasema nyuma. Nyani haoni kundule, na langu lilikuwa limeonwa na ukumbi mzima.

Jumapili asubuhi, mwenyeji wangu alinipa chai kama kawaida, kisha akatandaza vitambaa vitano sakafuni. Nilipiga magoti nikatazama saa nzima. Udongo mwekundu wa kwao ulikuwa unawaka.

"Viwili vibaya," nikamwambia. "Vitatu sijawahi kuona mfano wake."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Sasa ulitazama."

Nimerudi Dar. Haya unayasoma kwenye ukurasa uleule nilipomharibia Papa Kabeya jina, ili kumbi zilizomfungia milango zijue: sikwenda, na picha nilizozitukana hazikutundikwa. Nimejifunza kwenda kwanza. Mmarekani yule nimemcheka maisha yangu yote, lakini yeye angalau walimfukuza.