Fundi Pindo na Mkanda Mmoja

Fundi Pindo hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye uzi unaoning'inia. Adabu hiyo aliipata kwa mama yake, aliyeshona kabla yake kwenye cherehani ile ile. Hata sasa, na miaka yake themanini na miwili, mama aliingia kibandani bila hodi, akaligeuza gauni la mtu ndani nje na kupitisha kidole kwenye mishono.

"Uzi mmoja tu," alizoea kusema, "na watu watauliza umelelewa na nani."

Mtu wa namna hiyo akinunua kamera kuukuu ya sinema, ya springi na mkanda, iliyolala miaka na miaka kwenye kabati la watu, ujue kuna jambo. Jambo lenyewe ni kwamba mama alikuwa anahama. Ngazi za nyumba zilikuwa zimemshinda, na kaka mkubwa angekuja Jumapili kumchukua akaishi naye mji mwingine, moja kwa moja. Pindo hakupinga. Alitaka tu mama abaki anaonekana akitembea na kushona ndani ya chumba chake, kabla vitu havijafungwa.

Kupigwa picha kwa simu mama hakutaka hata kusikia. Kwenye msiba wa mume wake, mjukuu mmoja alimpiga picha akilia, kanga imemteleza kichwani, na picha ile ikazunguka mpaka kwa watu asiowajua.

"Nitafute kitu kisichoruka kwenda kwa watu," alimwambia Pindo. "Tena ni mara moja tu. Mimi si mwigizaji."

Ndipo Pindo akaenda kwa mzee anayetengeneza saa na kamera, ambaye wote walimwita Miwani Miwili kwa sababu alivaa miwili kwa pamoja. Mzee alimuuzia kamera, na mkanda mmoja uliobaki kwenye friji yake.

"Itie ufunguo kama saa, usikilize inavyokwenda," alimwambia. "Lakini ndani usiguse."

Kaka mkubwa alipopata habari alipiga simu akicheka. "Mdogo wangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia! Haya, nimeshawaambia wakwe zangu waje kuitazama hiyo sinema yako. Usije ukatuumbua."

Tangu hapo Pindo hakuwa na raha. Kila alipopumzika aliitia kamera ufunguo na kuiegemeza sikioni, na Alhamisi akaisikia inalia kwi, kwi, kwi. Cherehani ikilia hivyo inaomba mafuta, na hilo hakuhitaji kuuliza mtu. Alidondosha matone matatu. Sauti ikakata, naye akajiona fundi wa kila kitu.

Ijumaa alifungua ubavu wa kamera. Mafuta yalikuwa yametambaa mpaka kwenye kile kijidirisha ambapo mkanda hupita, na yalikuwa yanang'aa. Alikimbia kwa Miwani Miwili na sindano bado zimechomekwa kifuani.

"Umeitia nini?"

"Mafuta kidogo, mzee wangu."

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani."

Mzee alivua miwani mmoja, akabaki na mmoja. "Ndugu yangu, shati likidondokewa mafuta utalifua. Mkanda utaufua kwa sabuni gani? Nenda ukafute kwa spiriti. Ukimaliza, futa tena, maana mafuta hurudi. Yakibaki, mama yako atakuwa ukungu mtupu."

"Nikishafuta nitajuaje kama yameisha?"

"Hutajua. Utajua mkanda ukishasafishwa."

Pindo alifuta Ijumaa, akafuta Jumamosi kutwa, kwenye meza yake ya kukatia. Kwa kazi nyeti vile alichagua kitambaa laini kuliko vyote kibandani: flana ya nguo za watoto wachanga.

Jumapili mama alivaa gauni lake la kijani, akaketi dirishani. "Nitazame wapi?"

"Usitazame popote, mama. Shona tu."

Akatunga uzi kwenye sindano kwa mkupuo mmoja, bila miwani. Kila nusu dakika springi ilichoka na Pindo akaitia ufunguo upya, vidole vinateleza kwa jasho. Mkanda ulipofika mwisho ilibidi augeuze upite upande wa pili, na usione mwanga, kwa hiyo alijitia chini ya blanketi la mama na kamera yake.

"Baba, unanipiga picha au unalala?" mama akauliza. Kaka mkubwa, masanduku mikononi, akaangua kicheko mlangoni.

Saa nane walikuwa wameondoka. Chumba kikabaki na kitanda na alama za fremu ukutani.

Mkanda ulipelekwa mbali kusafishwa, na wiki sita zikapita. Pindo akawa mtu wa kuitwa mara mbili ndiyo aitike.

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja, "shati hili lina mikono miwili ya kushoto. Mwenyewe yuko hivyo?"

Mkanda uliporudi hakuthubutu kuutazama peke yake. Aliazima projekta kwa Miwani Miwili, akasafiri nayo mapajani kama mgonjwa. Sebuleni kwa kaka, wakwe walikuwa wamekwisha kaa, wamependeza, na mama katikati yao. Shuka likatundikwa, mapazia yakafungwa.

Hakukuwa na ukungu. Mama alitokea wazi kabisa na gauni lake, mwanga wa dirisha shavuni. Pindo alianza kupumua. Kisha akauona. Pale juu, pembeni, uzi mmoja mnene kama kamba ulikuwa unacheza. Mama alishona, uzi ukacheza. Alitembea, uzi ukacheza. Ulicheza mwanzo mpaka mwisho.

"Fundi!" kaka akasema. "Uzi huo!"

Mkwe mmoja alicheka kwa pua.

"Rudisha," mama alisema.

Akarudisha. Mama alinyanyuka, akasogea hadi kwenye shuka, kivuli chake kikamwangukia yule mama mwingine aliyekuwa akishona. Aliinua mkono, akaubana uzi kwa kucha mbili kama alivyobana nyuzi zote maishani mwake, akavuta. Uzi haukutoka.

"Ni wa flana, umenasa ndani ya kamera," alisema. "Uliifutia flana, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Flana hutoa manyoya. Nilikufundisha ukiwa hujaifikia hata meza."

Akawageukia wakwe, mwanga wa projekta umemjaa usoni, sinema ikimpita kifuani.

"Huyu nimemlea mimi," aliwaambia. Kisha akarudi kukaa, akapanga gauni lake magotini. "Haya, baba, rudisha tena. Pale ninapotunga uzi."